Ulimi wa Ng'ombe Unajua Chumvi Tu

Wanasayansi wa anga wanaijua Ivuna kwa kimondo: jiwe lisilofika uzito wa kilo moja, lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938. Wanaakiolojia wanaijua kwa chumvi. Katika miaka ya 1960, Brian Fagan na John Yellen walichimba kwenye chemchemi za chumvi za huko, kusini mwa Ziwa Rukwa, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Momba. Walionyesha kwamba tangu karibu karne ya 13 watu walikuwa wakiyachuja maji ya chumvi na kuyachemsha kwenye vyungu.

Safu hii inaitazama Ivuna kwa jicho la mfugaji. Bonde la Rukwa ni nchi ya malisho; katika miongo ya karibuni wamehamia huko pia Wasukuma na makundi yao kutoka kaskazini. Na kila mchungaji ameona ng'ombe akilamba udongo, jasho la mwenzake, mpini wa jembe, hata mahali palipokojolewa. Kutokana na hayo imejengeka imani kwamba mnyama anajua mwenyewe kinachopungua mwilini mwake, na akiachiwa huru atakitafuta. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Nusu ya pili imeua ng'ombe wengi.

Tuanze na iliyo kweli. Chumvi ina sodiamu, na majani mengi ya nchi kavu yana sodiamu kidogo mno, ingawa yana potasiamu tele. Ng'ombe anaihitaji sodiamu kuliko tunavyodhani, kwa sababu ya mate. Ng'ombe mkubwa anayekula majani makavu hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku. Mate hayo hupunguza ukali wa asidi katika tumbo la kwanza, ambako vijidudu huyachachusha majani, na kazi hiyo hufanywa na chumvichumvi za sodiamu. Jike anayekamuliwa hupoteza sodiamu nyingine ndani ya maziwa, ndiyo maana mara nyingi yeye hutangulia kudhoofu.

Sodiamu ikipungua, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni. Hapo figo huanza kuibana sodiamu isitoke na mkojo, na tezi za mate huweka potasiamu mahali pa sodiamu. Kwa hiyo mtaalamu akitaka kujua kama kundi lina upungufu, anaweza kuchukua mate kidogo na kulinganisha madini hayo mawili.

Pamoja na kubana matumizi, mwili huamsha hamu. Derek Denton na wenzake huko Melbourne, Australia, waliwafanyia kondoo upasuaji ili mate ya tezi moja yatoke nje badala ya kumezwa. Kondoo hao walipoteza sodiamu kila siku. Walipowekewa maji yenye sodiamu, walikunywa kiasi kilichokaribiana na kile walichopoteza. Hamu hiyo mnyama huzaliwa nayo. Ukimwona ng'ombe anang'ang'ania udongo wa chumvi, basi, huenda mwili wake unasema kweli.

Sasa tuje kwenye fosforasi. Madini haya hujenga mifupa, hubeba nguvu ndani ya kila chembe ya mwili, na yana mkono mrefu katika uzazi. Majani yakikauka, fosforasi hushuka sana, na mahali ambapo udongo wenyewe ni maskini, ng'ombe huanza kutafuna mifupa. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wa Afrika Kusini walipoteza ng'ombe wengi kwa ugonjwa uliowalegeza viungo mpaka wakashindwa kusimama. Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyezaliwa Uswisi, aliufuatilia kwenye shamba la Armoedsvlakte, karibu na Vryburg. Aligundua kwamba chanzo ni mifupa waliyokuwa wakiitafuna malishoni: mizoga iliyooza ilikuwa na sumu ya bakteria wa botulizimu. Njaa ya fosforasi iliwasukuma kwenye mifupa, na mifupa ikawaua.

Theiler na wenzake waliwapa baadhi ya ng'ombe unga wa mifupa ulio salama, wengine wakaachwa na malisho matupu. Miongoni mwa waliopewa, asilimia 80 walizaa vizuri. Miongoni mwa walioachwa, asilimia 51. Mfugaji anayelalamika kwamba majike wake hawaonyeshi joto, au wanapandwa na kurudia, asikimbilie kumlaumu dume au kijicho cha jirani. Aanze na kuuliza wamekula nini tangu mvua zilipokatika.

Je, hao ng'ombe hawakuwa wakijitibu? Miongo mingi baadaye watafiti wale wa Melbourne walijaribu kupata jibu. Ng'ombe waliopungukiwa sana na fosforasi waliifuata mifupa kwa pupa, lakini hawakuonyesha hamu ya maji yaliyotiwa fosfati, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Kwa sodiamu ulimi hulenga madini. Kwa fosforasi mnyama alivutwa na mfupa, uwe salama au uwe na sumu.

Kuna upungufu mwingine usioamsha hamu yoyote. Jirani zetu wa Kenya waliujua enzi za ukoloni kwa jina la ugonjwa wa Nakuru. Ng'ombe walikonda na kufa huku wakisimama kwenye majani mabichi, ila waliohamishiwa malisho mengine walipona. Kwanza ilidhaniwa ni upungufu wa chuma, kisha ikaeleweka kuwa ni kobalti. Vijidudu vya tumboni hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Ikikosekana, dalili ya mapema ni mnyama kupoteza hamu ya kula. Badala ya kumtuma atafute anachokosa, upungufu huu humfungia mlango wa chakula.

Hapo ndipo mahali kama Ivuna panapohitaji tahadhari. Watengenezaji wa madini ya mifugo huchanganya fosforasi, kobalti, shaba na zinki pamoja na chumvi, kwa sababu ng'ombe hataki hayo mengine ila chumvi anaitaka. Chumvi hapo ni kama sukari inayomfanya mtoto ameze dawa chungu. Lakini mahali ambapo maji au udongo tayari una chumvi, kiu ya sodiamu imekwisha. Ng'ombe atalipita jiwe la madini bila kuligusa, na mwenye kundi atasema hawana shida. Kumbe hawana shida ya chumvi tu. Kwenye eneo la namna hiyo ni afadhali kutumia madini ya unga na kuyachanganya kwenye pumba au mashudu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, ili yaliwe kwa sababu ya chakula.

Kabla ya kununua, soma kilichoandikwa kwenye mfuko. Jiwe la chumvi tupu halina fosforasi hata kidogo. Mchanganyiko wa ng'ombe wenye shaba nyingi usipewe kondoo, kwani shaba huwaua kwa urahisi kuliko ng'ombe. Magadi ya kuokota nayo si ya kuaminiwa tu kwa kuwa ng'ombe wanayapenda: katika Bonde la Ufa baadhi yake yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa ya mnyama. Na chumvi yoyote iendane na maji ya kutosha, la sivyo yenyewe hugeuka sumu.

Tabia ya kundi nayo izingatiwe. Ng'ombe wana vyeo. Ukiweka chombo kimoja cha madini, majike wababe watakizingira na mitamba, ambao bado wanakua na wanatarajiwa kushika mimba, wataambulia masalia. Weka vyombo kadhaa vilivyoachana, chini ya paa dogo ili mvua isiyayeyushe madini.

Mizoga isiachwe malishoni. Mfupa mkavu unamwita ng'ombe mwenye njaa ya fosforasi, na mnyama anayelamba udongo anaweza kumeza mbegu za kimeta, ambazo hukaa ardhini kwa miaka mingi. Mnyama akifa ghafla na kutoka damu puani au nyuma, usimchune wala kumpasua. Mwite daktari wa mifugo. Kwa maswali ya malisho na madini katika nyanda za juu kusini, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania ina kituo Uyole, Mbeya.

Mchungaji mzuri amekuwa mtafiti wa tabia za mifugo kabla ya vyuo kuwapo, na anachokiona kina thamani. Tofauti iko kwenye hatua inayofuata. Ng'ombe akilamba udongo au kutafuna mfupa, amini kwamba kuna kitu kinapungua. Usiamini kwamba udongo au mfupa huo ndio dawa. Na asipolamba chochote, usiseme ameshiba madini mpaka umeangalia ndama wangapi wamezaliwa mwaka huo.