Kijani cha Kasuku si Rangi ya Kijani

Je, wajua kwamba kasuku wa kijani hana rangi ya kijani mwilini mwake? Okota unyoya mmoja uliodondoka tunduni, uinue dirishani jua likiwa nyuma yake. Ukijani utafifia, ibaki manjano yenye utusitusi. Hiyo manjano ndiyo rangi yake ya kweli, nayo huitwa psitakofulvini. Kilichobaki ni kazi ya umbile: unyoya ni keratini, kama kucha zetu, na ndani yake mna vitundu vidogo mno vinavyotawanya mwanga na kurudisha samawati. Samawati ikichanganyika na manjano, jicho huona kijani.

Flamingo hupata wekundu wake kwenye chakula. Kasuku hutengeneza psitakofulvini mwenyewe, unyoya ukiwa bado unaota. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba hitilafu ya jeni moja tu ndiyo inayowafanya baadhi ya kasuku wadogo wa Australia wawe samawati badala ya kijani.

Hao wa Australia ndio wanaofugwa sana duniani, tangu mtaalamu wa ndege John Gould alipowafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840. Sisi wa Malindi, Watamu na Kilifi tuna kasuku wetu wa porini, mwenye kichwa cha kahawia na manjano kwapani, anayepita juu ya minazi na mibuyu ya Gede na Arabuko-Sokoke akipiga kelele. Hutaga kwenye mashimo ya miti. Huyo asiguswe: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga bila kibali, na kinda aliyetolewa shimoni ni hasara kwa msitu mzima.

Turudi tunduni. Unyoya ukishakomaa ni kitu kilichokufa. Ukiharibika hautengenezeki, ndege husubiri unyonyokaji ujao. Kwa sababu hiyo unatunza habari za siku ulipokuwa ukiota. Ukiona mstari mwembamba uliokatiza unyoya, hapo ndege alipata njaa, homa au fadhaa. Unyoya mchanga nao hutoka kama mwiba uliofungwa ndani ya ala, na una damu. Ukivunjika hutoa damu nyingi kwa ndege mdogo hivyo, basi usimshike ovyo wakati huo.

Ndege akianza kuwa na upara, kwanza tazama kichwa. Kama kifua kiko wazi ilhali kichwa kimejaa manyoya mazuri, ndege anajinyonyoa mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haufiki kichwani. Huenda ni upweke, kukosa usingizi au maumivu ya ndani. Kichwa nacho kikiwa wazi, ama mwenzake anamnyonyoa, ama ni ugonjwa. Magamba meupe yenye vishimo kandokando ya mdomo ni utitiri, na dawa yake hutolewa kwa kipimo na daktari wa mifugo. Mafuta ya nazi, tunayoyaamini kwa kila kitu hapa pwani, hayamfai: hugandisha manyoya na kumwondolea kinga ya baridi.

Chakula ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mtama na ulezi pekee vina upungufu mkubwa wa vitamini A, na mtama una kalsiamu kidogo mno. Mpe mchicha, sukuma wiki na karoti. Mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, ni kalsiamu ya bure. Uloweke maji baridi mpaka chumvi iishe, uanike, umtundikie. Avokado ni sumu kwake. Maji ya kuoga ayapate asubuhi, akauke kabla ya magharibi, na tundu lifunikwe mapema apate usingizi wa saa kumi na zaidi.

Linalonitia hofu kuliko yote ni virusi vya mdomo na manyoya. Manyoya huota yamepinda au yamebanwa shinani, mdomo huharibika, na tiba hakuna. Huenea kwa kinyesi na vumbi la manyoya. Kwa hiyo ndege mgeni, hata awe mzuri vipi, akae chumba kingine angalau mwezi mzima, apimwe, na ukitoka kumhudumia unawe mikono na ubadili shati kabla ya kuwaendea ndege wenyeji.