Je, Wajua? Kutoka Wasichana 7 Hadi 42

Je, wajua kwamba mwaka 1995, katika kila wanafunzi 100 walioanza shahada ya sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, wasichana walikuwa 7 tu? Kufikia mwaka 2000 walikuwa 42, na mtaala haukulegezwa. Ndicho chuo hicho ambacho leo kina tawi Kigali, Rwanda.

Jane Margolis, mtafiti wa masuala ya jamii, na Allan Fisher, aliyesimamia masomo hayo, walizungumza kwa miaka minne na wanafunzi zaidi ya 100, wa kike na wa kiume. Walibaini kwamba katika nyumba nyingi kompyuta iliwekwa chumbani kwa kaka. Kijana alifika chuoni akiwa ameizoea tangu utotoni. Dada yake, akisikia wenzake darasani wakitamba, alijiona hana kipaji, ilhali pengo lilikuwa la mazoea tu.

Chuo kikageuza vigezo vya udahili. Kujua kuandika programu kabla ya kufika hakukupewa tena uzito ule, na mwaka wa kwanza ukawekewa kozi za kuanzia za viwango tofauti. Waliokuja bila uzoefu wakapata nafasi ya kuwafikia wenzao.

Je, wajua kilichowasaidia wasichana kubaki? Mwaka 1999 alifika Lenore Blum, mtaalamu wa hisabati, na kikaanzishwa Women@SCS, kikundi cha wanawake wa sayansi ya kompyuta chuoni hapo, ambacho wanafunzi wenyewe ni nguzo yake. Mwanafunzi mgeni hupewa dada mkubwa wa mwaka wa juu. Huyo ndiye wa kumwuliza kozi ipi ichukuliwe kwanza na nafasi ya kazi ya likizo inaombwaje. Mvulana aliweza kuyapata hayo bwenini, kwa mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo. Msichana aliyekuwa peke yake darasani hakuwa na wa kumnong'oneza, na kwangu mimi hapo ndipo thamani ya kikundi hiki ilipo. Wanachama huenda pia shuleni kuwaonyesha watoto kompyuta inavyofanya kazi. Mwaka 2016 wasichana walikaribia nusu ya walioingia mwaka wa kwanza.

Tena wanawake si wageni katika fani hii. ENIAC, kompyuta kubwa ya elektroniki iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, waandishi wake wa kwanza wa programu walikuwa wanawake sita waliobobea katika hesabu. Miaka ya 1980, Kathy Kleiman, akiwa mwanafunzi wa Harvard, aliwaona kwenye picha za zamani, wamesimama kando ya mashine bila majina. Alipouliza ni akina nani, alijibiwa kuwa ni wanamitindo waliowekwa kuipamba. Hakuridhika. Aliwatafuta waliokuwa bado hai, akawarekodi wakisimulia kazi yao kwa vinywa vyao wenyewe.