Kwa nini hitilafu hurudi baada ya programu kurekebishwa

TAKWIMU za wagonjwa kutoka maeneo ya pembezoni, kama Mabamba wilayani Kibondo, hujumlishwa kitaifa katika DHIS2, mfumo wa intaneti ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Mfumo wa aina hiyo ukiandikwa ovyo, kanuni moja, mathalani ya kuhesabu watoto walio chini ya miaka 5, hurudiwa katika kurasa kadhaa. Mtaalamu akisahihisha ukurasa mmoja, nyingine huendelea kutoa jumla potofu, na chanjo zinaweza kuagizwa pungufu.

Njia ya uhakika si kubahatisha. Kwanza, hitilafu irudiwe kwa takwimu zilezile hadi chanzo chake kionekane. Pili, ibadilishwe sehemu moja na kujaribiwa kabla ya kugusa nyingine. Mwisho, kanuni iliyotawanyika iwekwe mahali pamoja, ili ikirekebishwa mara moja, kurasa zote zifuate.