Karata Iliyofunikwa: Hesabu Ndani ya Mchezo wa Wadukuzi

Watu wawili, kila mmoja katika nchi yake, wanacheza karata kwa njia ya intaneti. Mmoja ameweka karata kifudifudi katika meza inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaiimarisha kwa fedha karibu zote alizokuwa nazo. Mwenzake anaitazama. Ikiwa ni hazina, hana budi kuiteka sasa, kabla mwenyewe hajaihesabu kuwa ushindi. Ikiwa ni mtego, kuigusa ni kujiangamiza. Hana njia ya kuiona kabla ya kuamua. Dakika moja inapita, kisha ya pili.

Mchezo huo huitwa Netrunner. Ulibuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu wa Marekani aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1993. Mwaka huohuo mchezo wake wa kwanza wa karata za kukusanya, Magic: The Gathering, ulianza kuuzwa. Netrunner ulifuata mwaka 1996. Kampuni nyingine iliufufua mwaka 2012 kwa jina la Android: Netrunner na kuutoa hadi mwaka 2018. Tangu hapo wachezaji wenyewe, kwa kujitolea, wamekuwa wakibuni karata mpya, na watu huucheza bure kwa kompyuta.

Hadithi yake ni ya zama zijazo, wakati mashirika makubwa yanapotawala dunia na wadukuzi wanapopenya katika maghala yao ya habari. Msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi kujua kwamba zama hizo hazikuiacha nchi yetu nje. Yalitolewa mafungu ya karata yaliyopewa jina la Kitara, ufalme wa kale wa eneo la maziwa makuu, na mojawapo liliitwa Whispers in Nalubaale. Nalubaale ni jina la Kiganda la Ziwa Viktoria.

Wachezaji wawili hawalingani. Mmoja ni Shirika, mwingine ni Mdukuzi. Shirika lina vitendo 3 katika kila zamu, Mdukuzi ana 4. Shirika huficha Miradi yake chini ya karata zilizofunikwa na kuilinda kwa vizuizi. Mdukuzi hukusanya zana za kuvunjia vizuizi hivyo. Anayetangulia kupata alama 7 za Miradi, Shirika kwa kuikamilisha au Mdukuzi kwa kuiiba, ndiye mshindi. Yapo mengine mengi, lakini haya yanatosha kwa kusudi letu.

Tuanze na bahati, maana ndiyo wanayoilaumu wote walioshindwa. Kwa kawaida Mdukuzi hutengeneza fungu lake lisilopungua karata 45, na hawezi kutia nakala zaidi ya 3 za karata moja. Baada ya kulichanga hupewa karata 5. Je, ana uwezekano gani wa kupata angalau nakala moja ya zana anayoitegemea? Ni rahisi kutafuta kwanza uwezekano wa kuikosa kabisa. Ukirahisisha sehemu zote, utabaki na (40 × 39 × 38) ÷ (45 × 44 × 43), yaani karibu 0.696. Basi uwezekano wa kuipata ni kama asilimia 30 tu. Lakini kanuni humruhusu kuzirudisha karata zote mara moja, kuzichanga upya na kuchukua 5 nyingine. Akifanya hivyo kila akosapo, uwezekano wa kuikosa mara zote mbili ni 0.696 × 0.696, karibu 0.485, na wa kuipata umevuka nusu. Kanuni fupi ya mstari mmoja imeigeuza bahati mbaya kuwa jambo linaloweza kupangwa. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza uwezekano anaweza kuthibitisha hayo kwa penseli.

Ile karata iliyofunikwa ni jambo la namna nyingine. Katika bao, kete zote ziko wazi. Anayeshindwa ameshindwa kuona mbali, basi. Hapa kuona mbali hakutoshi, kwa kuwa jambo lenyewe limefichwa na mtu anayejua kwamba unamkisia, naye anakukisia wewe. “Ataona ninamtega, basi nisimtege, lakini atajua nimeacha kumtega…” Mawazo ya namna hiyo hayana mwisho.

Mwisho wake ulipatikana kwa hesabu mwaka 1928, pale John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alipothibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili ambamo pato la mmoja ni hasara ya mwingine, na njia za kuchagua zina idadi maalumu, kila mmoja anao mpango bora, mradi akubali kuchagua kwa kubahatisha kwa vipimo maalumu. Ni mtu huyuhuyu aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa kompyuta.

Tutumie thamani za mfano, nilizozichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi. Shirika likiweka Mradi na Mdukuzi akashambulia, Shirika linapoteza 2. Asiposhambulia, linapata 2. Likiweka mtego na Mdukuzi akashambulia, linapata 3. Asiposhambulia, linapoteza 1, kwa kuwa limetumia muda na fedha bure.

Tuite uwezekano wa kuweka Mradi p. Mdukuzi akishambulia, pato la wastani la Shirika ni −2p + 3(1 − p), yaani 3 − 5p. Asiposhambulia, ni 2p − (1 − p), yaani 3p − 1. Ikiwa mapato haya mawili yanatofautiana, Mdukuzi aliyekwisha kuijua tabia ya mwenzake atachagua lile dogo kila mara. Kwa hiyo Shirika linayasawazisha: 3 − 5p = 3p − 1, na p ni nusu. Liweke mtego mara moja katika kila mara mbili, bila utaratibu unaotambulika. Kwa njia hiyohiyo tunapata kwamba Mdukuzi anapaswa kushambulia mara 3 katika kila 8.

Sasa tuufanye mtego kuwa mkali zaidi, pato lake lipande kutoka 3 hadi 5. Wengi watasema kwamba mtego mzuri zaidi utumike mara nyingi zaidi. Hesabu inakataa. Mlinganyo unakuwa 5 − 7p = 3p − 1, na p ni 0.6, mtego unawekwa mara 4 tu katika kila 10. Mdukuzi naye anashambulia mara 3 katika 10, si tena 3 katika 8. Mtego mkali unafanya kazi hata pasipokuwepo, kwa kuwa hofu yake inailinda Miradi halisi, na faida ya Shirika inapanda kutoka 0.5 hadi 0.8 kwa kila zamu. Nakiri kwamba nilishindwa mara nyingi kabla ya kuketi na kuiandika hesabu hii. Nilikuwa naweka mitego kama mvuvi anayetupa nyavu zote mahali pamoja.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani bila kompyuta. Achukue karata mbili za kawaida, nyekundu iwe Mradi na nyeusi mtego, na wanafunzi wacheze wawiliwawili mara 80 kwa thamani zile za kwanza. Kwanza wachague kwa akili zao. Kisha Shirika lichague kwa kurusha sarafu moja, na Mdukuzi arushe sarafu tatu, ashambulie pale tu sarafu moja kamili inapoonyesha upande wa kichwa. Uwezekano wa tukio hilo ni 3 katika 8. Katika awamu ya kwanza walinganishe orodha zao za chaguzi. Mara nyingi binadamu anayejaribu kubahatisha hubadilisha upande upesi mno, akidhani kwamba kurudia si bahati, na mpinzani makini huitumia tabia hiyo.

Limebaki suala la fedha, nalo linawahusu vijana. Michezo mingi ya aina hii huuza karata katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue atapata nini. Tuseme kuna karata 100 tofauti, kila moja na nafasi sawa, nawe unanunua moja moja. Kupata 50 za kwanza zilizo tofauti kutahitaji kwa wastani manunuzi 69 hivi. Kuzipata zote 100 kutahitaji karibu 519. Karata ya mwisho peke yake inataka manunuzi 100, na hapo hatujazingatia kwamba wauzaji hufanya baadhi kuwa adimu kwa makusudi. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya baadhi ya michezo ya kompyuta ni kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo.

Netrunner wa 1996 nao uliuzwa kwa pakiti za bahati. Toleo la 2012 liliacha mtindo huo: kila pakiti ndogo ilikuwa na karata 60, aina 20 kwa nakala 3 kila moja, na mnunuzi alijua zote kabla ya kulipa. Wale waliojitolea baada ya 2018 wamekwenda mbali zaidi. Karata zao zinaweza kuchapishwa nyumbani bila malipo, na gharama iliyobaki ni ya karatasi, wino na mkasi.