Je, wajua? Kovu linalopinda uume

Mfugaji wa Tarime anamjua fahali wake. Uume wa fahali ukilala hujikunja kwa umbo la S nyuma ya korodani. Msuli unaoushikilia ukilegea, mkunjo hufunguka. Kuna fahali ambao kano ya karibu na ncha huteleza, uume ukajisokota mithili ya parafujo, na majike yakakosa mimba. Mwenye mali atalisema hilo mnadani bila haya. Uume wake mwenyewe ukipinda, hata mkewe anaweza asiambiwe sababu ya kugeukia ukutani.

Mwanamume hana mkunjo huo, wala hana mfupa wa uume kama alio nao mbwa. Unyoofu wake unategemea ala nyeupe, ngumu, iliyofunika mirija miwili ya nyama ya sponji. Uume ukilala, ala hiyo ina unene wa milimita 2 hivi. Damu ikijaa hutanuka na kubaki nyembamba, nusu milimita au chini yake. Kovu likiota upande mmoja, upande huo hautanuki tena. Wa pili unarefuka, na uume unapindia kwenye kovu.

Wengi huanza kuliona baada ya miaka 40. Wataalamu hulihusisha na majeraha madogo ya wakati wa tendo, ambayo mwenyewe huenda hakuyahisi. Kisukari nacho kinatajwa. Tatizo hili si laana na haliambukizi. Wengine hupata kovu la jinsi hiyo kiganjani, vidole vikajikunja. Ugonjwa una jina la François Gigot de La Peyronie, mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyeuandika mwaka 1743 na kupendekeza maji ya chemchemi ya Barèges. Waganga wetu wa mizizi wasicheke sana.

Tofautisha na aliyezaliwa hivyo: huyo hana kovu, na kwa kawaida hugundua akibalehe. Kupinda kidogo kusikomzuia mtu wala kumuumiza si ugonjwa.

Mtu wa Nyamisangura anaweza kuanzia Hospitali ya Mji Tarime, akaomba rufaa kwa bingwa wa njia ya mkojo katika hospitali ya Bugando au KCMC. Daktari atapapasa uume uliolala akitafuta kipande kigumu, mara nyingi upande wa juu. Ataomba pia picha ya uume uliosimama, ambayo mgonjwa huipiga mwenyewe nyumbani kwa simu. Inaaibisha, lakini ndiyo inayoonyesha pembe.

Mwanzoni mwa ugonjwa kuna maumivu na mpindo hubadilika. Hali hiyo huweza kuchukua mwaka na zaidi. Kupasua wakati huo ni kushona nguo ya mtoto anayekua. Husubiriwa mpaka mpindo utulie kwa miezi kadhaa. Vidonge vya vitamini E huuzwa sana kwa tatizo hili, ila ushahidi wake ni hafifu. Marekani iliidhinisha mwaka 2013 sindano ya kimeng'enya kinachoyeyusha kovu, kwa mpindo wa nyuzi 30 au zaidi.

Upasuaji wa kawaida hukaza upande mrefu ulingane na mfupi, hivyo uume hupungua urefu. Mgonjwa aambiwe kabla ya kutia sahihi. Ambaye hasimamishi hata kwa dawa huwekewa vijiti maalumu ndani ya mirija, na mpindo hunyooshwa palepale mezani.