Mke wa Askari, Bastola, na Swali la "Kwenu Wapi?"

Mtu akiulizwa kwao ni wapi, kwa kawaida hujibu bila kusita. Lakini katika nchi ya Marekani swali hilo laweza kumtatiza mke wa askari. Mumewe huhamishwa kwa amri, leo Texas, mwakani Virginia, naye bibi humfuata pamoja na watoto na vyombo. Mume akipelekwa ng'ambo, bibi hubaki peke yake usiku katika mji asiouzoea. Basi akitaka kuweka bastola nyumbani, atainunua wapi?

Nchi ile ina majimbo 50, na majimbo hayo yana sheria zao za silaha mbali na sheria ya nchi nzima. Sheria kubwa ya mwaka 1968 yamkataza mwenye duka la silaha kumkabidhi bastola mkaaji wa jimbo jingine. Hana budi kuipeleka kwa mwenye duka aliye na leseni katika jimbo la mnunuzi, aichukulie huko. Bunduki ndefu zimelegezewa kidogo, mradi sheria za majimbo yote mawili zifuatwe.

Sheria hiyo ilimkumbuka askari. Ilisema kwamba awapo kazini huhesabiwa mkaaji wa jimbo kilipo kituo chake cha kudumu, ijapokuwa kwao ni kwingine. Mkewe haikumtaja. Yeye alipimwa kama raia yeyote: je, yupo hapa, na amekusudia kufanya maskani hapa? Tena ilimpasa kuonyesha hati ya serikali yenye anwani ya mahali anapokaa.

Fundo likakazwa mwaka 2009, na lililolikaza ni jambo la hisani. Bunge liliwaruhusu wake na waume wa askari kushikamana na jimbo lao la asili katika kura na kodi ya mapato, ikiwa wamehama kwa ajili ya amri za jeshi tu. Texas haitozi kodi hiyo, Virginia yaitoza, nani angekataa? Lakini bibi aliyebaki na leseni ya gari ya Texas alipofika dukani Virginia, hati yake ilimwita mgeni, hali kitanda chake ki nyumba ya pili! Kwa kodi alikuwa wa kwao. Kwa bastola, wa hapa.

Baadaye Bunge lilirekebisha sheria ya 1968, likamtaja mwenzi pamoja na askari. Twaona ilikuwa haki, ingawa ilikawia.

Hata hivyo kuhesabiwa mkaaji hakufuti sheria za jimbo lenyewe. Anayehamia California na silaha zake hupewa siku 60 kuziarifu kwa serikali ya jimbo, na bunduki nyingine zinazouzwa wazi Texas haziruhusiwi kuingia huko kabisa. Afadhali bibi aulize kabla ya kufunga mizigo. Na wakipewa nyumba ndani ya kambi, wataikuta amri ya mkuu wa kambi pia.