Maziwa ya Mama Yanavyosafiri Salama Kutoka Kazini

Likizo ya uzazi ya siku 84 humalizika kabla mtoto hajatimiza miezi 6 ya kunyonya maziwa ya mama pekee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Anayeishi mbali na ofisi hubakiwa na njia ya kukamua.

Maziwa yaliyokamuliwa hudumu saa 4 katika nyuzi joto zisizozidi 25, kiwango ambacho mchana wa Dar es Salaam hukivuka mwaka mzima. Yawekwe mara moja kwenye jokofu, ambamo hudumu siku 4. Ndani ya daladala, foleni iwe ndefu kiasi gani, yabebwe katika kisanduku chenye barafu. Nyumbani yapashwe kwa kutumbukiza chombo katika maji ya uvuguvugu, yasichemshwe.